Mama Mwalimu na Mugomba ya Mutoto Yake

Ukitaka kumujua Mama Mwalimu, ungemuangalia siku yenye pikipiki zilikuwa zinapita mingi upande moya. Sisi ya Bulengera, ku Butembo, tunajua ile sauti: vita inakaribia. Pikipiki zinatoka barabara ya juu, hazina bakiriya ya kubeba, zinakimbia yote upande moya, na mutu hajasema kitu, mais kila mama ameisha kusimama juu ya kutafuta batoto yake na macho. Mu kalasi ya mangaribi tulikuwa tunaacha bic na kugeuza shingo ku dirisha. Yeye hakugeuka. Aliendelea kuandika ku tableau, na mukono ilikuwa inatetemeka mupaka herufi zinapanda sawa zinataka kutoka ku ukuta. Halafu aliuliza na sauti ya kawaida, "Nani anasoma?" Na mutu alisoma. Hata kama midomo imekauka, ulisoma.

Ninasema mapema kama alikuwa mwoga, juu leo kuko batu banamusifu sawa alikuwa jiwe. Hakukuwa jiwe. Upepo ikipiga mulango, alikuwa anaruka. Kavira, muke ya mutoto yake, aliniambiaka kama Mama analala na viatu ku miguu na kitenge imefungwa. Siku moya nilimuuliza kama mutu ya Mungu anaweza kuogopa vile. Alicheka, akasema, "Woga inakaa mu nyumba yangu, mama. Mais hapana yeye njo anafungulaka mulango."

Jina yake ya ubatizo ninaijua na sitaiandika. Yeye mwenyewe hakupendaka isomwe mu mikro ya kanisa. Alisema jina ikisomwa sana inaanza kuomba mushahara. Sisi bote tulimuita Mama Mwalimu. Siku ya posho, Jumamosi, alifundisha batoto katekisimu, na mangaribi alitufundisha sisi bamama kusoma na kuandika, mu salle ya parokia. Mimi ninauzishaka unga ya mihogo ku soko. Nilifika kwake batoto yangu ya kwanza beko mu sekondari, na mimi sijui kuandika hata jina ya ule wa mwisho. Sasa hivi yeye iko ku Beni, kalasi inafundishwa na mwengine. Kama ninaweza kuandika hii, ni juu yake.

Na ninaiandika juu batu banasimulia mubaya mambo yenye ilimupata. Mutoto yake mumoya, Mumbere, balimukamata mu shamba ya kakao upande ya Beni, na mupaka leo hajarudia. Jamaa ilitaka bamuzike bila mwili, vile desturi yetu inaruhusu. Mama alikataa. Na katikati ya kukataa kwake na kutaka kwao kulikuwa Kavira, hapana mujane, hapana muke, anangoja neno itoke mu kinywa ya mama-mukwe yake. Bamoya banasema alikataa juu ya imani kubwa. Bengine banasema ni roho mubaya, alimuonea wivu ule binti. Mimi nilikuwa karibu. Niliona mutu anatafuta kujua Mungu anataka nini, na anaogopa jibu.

Ulimi yake ilikuwa kali. Mama mumoya akichelewa kufika na kusema ilikuwa mapenzi ya Mungu, alimujibu, "Ulimuuliza saa ngapi?" Ile maneno, mapenzi ya Mungu, hakuruhusu batu bacheze nayo. Mutoto ya jirani alikufa juu dawa ilikosekana, batu bakakuya ku kilio bakasema Mungu alipenda. Yeye alikasirika mupaka mishipa ya shingo ikasimama. Alituambia tusimupatie Mungu kazi ya shetani na ya État, ya serikali. Tena tusimuendee sawa mutu anaenda ku bureau ya mukubwa, unasalimia, unaweka mukono mu mufuko, unangoja akuangalie. Kwake, mapenzi ya Mungu ilikuwa kitu mutu anafanya. "Unajua yako ni gani?" alituuliza. "Ni ile yenye umeisha kuona, na miguu inakataa."

Mais hakukuwa mutu ya uso mugumu kila saa. Mu Kwaresima alitukataza sukari mu chai, na yeye mwenyewe alijikataza. Nikamukuta siku moya nyuma ya sakristia anatafuna muwa, maji inamutiririka mupaka ku kiwiko. Hakuficha. Alisema muwa ni muti, hapana sukari, akanivunjia kipande. Tulitafuna pale tumesimama, tunatema bikapi chini, mimi ninacheka na yeye anajifanya haoni.

Mu kalasi yetu kulikuwa muke mumoya ya soda, askari ya jeshi, alitokea Équateur, mbali mu Congo, Swahili yake ilikuwa ndogo na Lingala mingi. Bamama ya hapa balikuwa banamucheka, na nyuma ya kucheka kulikuwa mambo ingine, juu kwetu mugeni anaogopesha. Mama Mwalimu alimukalisha mbele. Mama mumoya akanungunika kama huyu hata jina ya bitu hajui. Mama Mwalimu akamuambia, "Bwana yake analala mu pori juu yako. Yako analala wapi?" Kalasi yote ikalipuka, juu tulijua bwana ya ule mama analala ku kasiksi, pombe ya ndizi.

Kitu ingine alipenda ni utaratibu. Mandamano ya kanisa ni yeye alipanga: batoto ya komunyo huku, bazee huku, kila mutu na mustari yake. Ulisikia sauti yake mbele ya ngoma. Padri mwenyewe alingoja mupaka amuonyeshe na kichwa kama sasa inaweza kuanza.

Na majaribu. Siku tulisoma Baba Yetu ku tableau, neno kwa neno, tulifika pale tunaomba tusitiwe mu majaribu, na akatuuliza jaribu iko na sura gani. Mumoya akasema pombe. Mwengine akasema bwana ya mutu. Bakacheka. Yeye akatikisa kichwa. "Ile yote inanuka, mutu anaisikia mbali. Jaribu kubwa inakuya na sura ya kupumuzika. Umechoka, na mutu anakuletea kiti."

Alisema ile mbele Mumbere hajakamatwa. Nilikuwa ninaandika, sikuiweka ku mutima.

Mumbere alikuwa na shamba ya kakao upande ya Mbau, karibu ya Beni. Kila mutu kule anajua hali: kakao imeiva, na kuvuna ni kuingia fasi yenye bale baasi ya pori banapita. Ukiacha, inaozea ku muti. Alienda na bengine asubui. Bawili balitoroka, bakarudia na habari: balibakamata mu mustari ya kakao, balibafunga kamba, balibapakiza mizigo, bakaingia nabo ndani. Habakuona kama Mumbere aliuawa. Balimuona tu anatembea na gunia ku kichwa, halafu majani ikamufunika.

Kavira alifika Butembo mu camion, na batoto bawili na sufuria moya. Mama Mwalimu alimupokea pa mulango, akamuosha miguu, akamupa kitanda yake. Kisha akakuya mu kalasi. Tulishangaa kumuona. Mama mumoya, na mutima muzuri, akasimama akamuambia akumbuke Abrahamu, vile Mungu alimurudishia mutoto. Mama Mwalimu akakaa chini. Hakukaaka chini mbele yetu. Akasema, "Abrahamu alishika kisu yeye mwenyewe. Mimi, kisu iko mu mukono ya batu sibajui." Mutu hakumutajia Abrahamu tena.

Kisha alianza kuwa mutu ya simu. Yeye mwenye alikuwa anatunyanganya simu mu kalasi, sasa yake ilikuwa ku tableau, karibu ya kitambaa ya kufutia. Namba asiyojua ikiita, alituangalia sisi mbele ya kushika, sawa anatuomba ruhusa. Ilikuwa tu mutu anauzisha mbolea, ao mutu amekosea. Alisema "asante" kwa bote. Mimi, bwana yangu anakwendaka Manguredjipa, mu pori, kuchimba zahabu, na nilikuwa ninaangalia ile simu, juu nilijua siku moya inaweza kuwa yangu.

Karibu na soko kulikuwa kijana mumoya na chumba ya maombi. Balimuita Nabii. Aliangalia mu beseni ya maji na kukuambia mutu yako iko wapi. Mama Mwalimu alimuchukia. Mwaka mumoya mbele, alitosha mama mumoya, alimuondoa mu kazi ya shirika yetu ya maombi juu alienda kule. Basi siku alinipitia ku meza yangu ya unga, akasema nichukue kitenge tutembee, sikuwaza kitu. Tulitembea. Alikuwa na kitunga na sombe, majani ya mihogo, juu. Tulipofika pa ile mulango, niliona chini ya sombe shati ya Mumbere.

Nilimushika mukono. Akauvuta polepole. Tukaingia.

Nabii alikuwa na viatu safi na sauti ya tamu. Hakumuuliza mambo mingi. Aliangalia maji, akasema anamuona. Iko muzima. Amekonda, iko na kidonda ku bega, anamuita mama yake usiku. Nilimuangalia Mama Mwalimu. Uso yake ilifunguka. Sikuona ile uso tangu habari ilifika. Alikuwa na uso ya mutu ameingia mu nyumba yenye moto inawaka, inje kuko mvua. Alipeleka mukono ku kitunga.

Nabii akasema ataiombea ile shati, mais mbele iko sharti moya. Mama aache kumuombea mutoto fasi ingine. Rozari, shirika, misa, aache kwanza, juu maombi mbili zinachanganya njia.

"Nisimuombee?" aliuliza.

Akamuambia ni ya muda tu.

Alisimama. Shati alikuwa ameisha kuitosha nusu. Akaisukuma ndani, na sombe ikamwagika chini, tukaiacha. Njiani alitapika pembeni ya mufereji. Kesho yake mu shirika, mbele hatujaanza, alisema bila kuzunguka, "Jana nilienda kwa Nabii. Ule mama nilimutosha, arudie fasi yake. Mimi nitakaa nyuma." Na alikaa nyuma. Mutu akamuuliza kama Nabii alisema uongo. Akajibu, "Sijui kama ni uongo. Aliniambia iko muzima, na nikapona. Ile kupona njo iliniogopesha, juu ningemupa kitu yoyote."

Jamaa ikakuya kisha ile. Kwetu, mutu akipotea na mwili yake haionekane, banakata mugomba, banaufunga mu shuka sawa mutu, na kuuzika mu shamba ya jamaa, pembeni ya bazee. Batu banalia, kilio inaisha, na mwenye alibakia anaweza kuishi. Mais kama mama angali muzima, udongo ya kwanza ni ya mama. Yeye asipoitupa, ule ni mugomba tu, hakuna mutu amezikwa.

Balikutana mu nyumba yake. Niliitwa juu ya kusaidia ku jiko, na jiko ilikuwa karibu, nilisikia yote. Baba mudogo ya Mumbere njo mukubwa ya jamaa, mutu ya heshima, hasemi mbio. Alimuambia, "Shemeji, tumulaze mutoto. Na sisi tumechoka kulala macho wazi."

"Mulaze mutu mwenye munajua iko wapi."

"Hatusemi tunajua."

"Basi munazika nini?" Sauti yake ilikuwa chini. "Nitupe udongo leo, kesho asubui nipige magoti, nimuombe Mungu nini? Arudishe mutu nimeisha kufukia?"

Baba mudogo alionyesha na kidevu upande ya mulango, pale Kavira alikaa na mutoto ku mapaja. "Na huyu? Huyu azeekee pa mulango yako?"

Bote balijua anasema nini. Kulikuwa kijana mumoya, Kasereka, masoni, mutu ya Kasugho. Alijenga ukuta ya jirani na akamuona Kavira. Hakuingia mu parcelle ya nyumba ya Mama hata mara moya. Alienda sawasawa kwa baba mudogo, akasema anamutaka na batoto yake bote, akiwa huru. Mama Mwalimu alimujua. Aliniambiaka siku moya, na hasira, "Ni kijana muzuri. Angekuwa mulevi, ningepumuzika."

Kavira akainua kichwa, akasema, "Muniache. Nitangoja na Mama."

Baba mudogo akachukua kofia yake, bakatoka. Mama Mwalimu akakuya ku jiko, macho inaangaza. Akasema niliona, binti iko na imani. Mimi nilikuwa nimeangalia Kavira wakati alisema ile. Alisema na macho chini, sawa mutoto anajibu katekisimu yenye amekariri. Mais sikumuambia Mama. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya kufurahi tangu kwa Nabii.

Mambo ikakaa vile, na ile njo wakati ilikuwa mubaya kuliko yote. Mu ile nyumba balitembea polepole. Kavira alifua, alipika, alienda shamba, aliitika "ndiyo Mama". Batoto balizoea kucheza bila sauti. Mama Mwalimu alisali sana na kukonda. Mu kalasi alisahau neno katikati, alisimama na chaki juu, na sisi tulingoja. Aliniuliza siku moya tunafunga salle, kama ninafikiri Mungu anachoka na mutu anaomba kitu kimoya. Nikasema hapana. Akasema, "Juu mimi ninasikia sawa ninamulazimisha."

Halafu siku kuu ya bamama ya parokia ikafika. Ile siku bamama banaingia kanisani na matoleo, kwa mustari mbili. Bamama ya ndoa banaingia na babwana yabo, banabeba matoleo pamoja. Bajane banaingia upande yabo, na padri anababariki. Mama Mwalimu alikuwa inje mu kiwanja, anapanga sawa kila mwaka. Bamama ya ndoa huku. Bajane huku. Ingieni, musichelewe.

Kavira alikuwa amevaa kitenge yake muzuri, mutoto ku mugongo, kikapo ya maharagi mu mukono. Alienda mu mustari ya bamama ya ndoa. Mwenye alikuwa mbele yake akageuka, akamuuliza kwa sauti ya chini bwana iko wapi babebe pamoja. Hakumuuliza na ubaya, alikuwa mugeni mu parokia, hakujua. Kavira akatoka. Akaenda upande ya bajane. Kule bamama bazee balimujua. Mumoya akamushika bega, akamuambia muzuri kabisa, "Hapana huku, binti. Usijiitie kifo ku nyumba." Kavira akatoka na kule. Akasimama katikati ya kiwanja, na kikapo yake.

Mama Mwalimu hakuona ile yote. Aliona tu mutu amesimama inje ya mustari, na sauti ikatoka sawa kila siku. "Wewe pale, unangoja nini? Ingia mu mustari."

Kavira akamuangalia. "Mustari gani, Mama?"

Hakuuliza na kiburi. Ningesikia kiburi, ningejua. Aliuliza juu alitaka kujua. Mama Mwalimu akafungua kinywa. Aliangalia mustari ya kwanza. Aliangalia ya pili. Ngoma ikaanza ndani, padri alikuwa amechoka kungoja, na bamama bakaanza kuingia. Kiwanja ikabakia tupu. Kavira alikaa ku ngazi, akatosha mutoto ku mugongo, akamunyonyesha. Mama Mwalimu hakuingia kanisani. Alikaa pembeni yake mupaka misa ikaisha. Mimi nilikuwa pa mulango ninabaangalia.

Kisha ile alifunga kula. Alienda kumuona padri. Padri alimuambia kanisa iko na njia yake, itauliza bale balitoroka, itachunguza, itachukua wakati, na mugomba haiwezi kuwa ushuhuda. Mais kulia na jamaa hapana zambi, kama mutu hasemi uongo. Yeye akamuuliza kitu kimoya: kama akitupa udongo, iko anatupa hata tumaini yake? Padri akafikiri, akasema hajui. Mama Mwalimu alinisimulia ile na kacheko kadogo. "Alisema hajui. Ni siku ya kwanza nilimuamini kabisa."

Tulikuwa ku meza yangu ya unga, bakiriya bamepungua. Aliongeza, anaangalia mikono yake, "Nilikuwa ninasema ninamungoja Mungu. Kumbe nimemufunga ule binti pa mulango sawa mbuzi, na kamba niliiita imani. Mungu hakuniomba Kavira. Aliniomba mimi."

Nikamuuliza, basi ameisha kukubali kama Mumbere alikufa?

"Hapana," alisema. "Njo maana kutupa udongo ni mugumu."

Tulienda ku shamba ya jamaa, ku kilima inje ya muji. Baba mudogo na bajukuu yake balikata mugomba, bakaufunga mu shuka nyeupe. Ukiwa mbali, ilikuwa mutu. Sikupenda kuiangalia. Kulikuwa umande, viatu ilijaa matope, na kila mutu alikuwa anaangalia upande ya barabara, vile tunafanyaka tukiwa batu mingi fasi wazi. Balishusha. Mama Mwalimu akainama, akachukua udongo na mikono mbili, akabakia nayo. Alikawia sana.

Halafu akasali, kwa sauti yenye bote tulisikia. "Bwana, mimi sijui. Wewe unajua. Kama amekufa, umupokee. Kama iko muzima, umulinde, na umusaidie asinichukie." Akatupa.

Kavira akaanguka chini na kulia. Ilikuwa kilio yenye aliiweka tangu siku ya camion, ilitoka yote pamoja, na hakuna mutu alimukataza. Mama Mwalimu alikaa mu matope, akamuweka kichwa ku mapaja. Yeye hakulia. Bamama bengine balizungumuza juu ya ile, eti mama gani halii. Mimi nilikuwa ninaona vidole yake mu nywele ya Kavira. Ilikuwa inatetemeka sawa ku tableau.

Kavira alienda Kasugho na batoto. Kasereka alikuya kumuchukua sawa mutu mukubwa, na baba mudogo na mashahidi. Ndoa ya kanisa bado inangoja uchunguzi. Mama Mwalimu alimupakilia sufuria mwenyewe. Nyumba ikabakia na mutu mumoya na simu. Nilifikiri sasa atapumuzika. Nilimuambia hata vile, na akaniangalia sawa sijasoma kitu kwake.

Mara ya mwisho nilimukuta ilikuwa mu shamba yake ndogo, chini ya nyumba. Alikuwa anangoa maharagi, juu mvua ilikuwa inakaribia. Mimi nilitoka ku soko mbio, na njia yote nilikuwa ninajiuliza kama ninyamaze. Habari ilikuwa imefika na bashoferi ya Beni: batu bamoya bametoroka kule ndani, bamefika mu kijiji, bamekonda, bengine jamaa zabo zilikuwa zimeisha kubalilia. Majina haikujulikana.

Nilimusalimia. Nikamuambia yote, polepole, ninashika mukono yake. Hakuketi. Aliuliza kwanza, "Kavira amesikia?"

Nikasema sijui.

"Usimupigie simu. Umesikia? Yeye aendelee kupika."

Aliweka maharagi chini, akaenda ku beseni, akanawa mikono mupaka kiwiko. Nilimufuata nyuma sawa mutoto. Nikamuambia barabara haiko muzuri, angoje majina itoke, tutaita padri, tutauliza. Alikuwa anafunga kitambaa ku kichwa. Nikasema hata anaweza kwenda bure, kule kulipotea batu mingi, na bale bametoka ni kidogo.

"Ninajua," alisema. "Nikimukosa mu hii kundi, nitakaa kule, nitangoja ingine. Bale banatoka pori, banapitia kule. Kule kuko bamama bakimbizi habajui kusoma, sitakosa kazi."

"Na kama iko mu ile kundi?"

Alivaa viatu. Ile mara mikono ilikuwa imetulia, niliiona muzuri, ilifunga kamba bila kukosea.

"Kama iko mule, kitu ya kwanza atauliza ni muke yake. Na kuko mutu atamujibu. Anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa soda, anaweza kuwa mutu anacheka." Alisimama, akanyoosha kitenge. "Ni mimi nilitupa udongo. Hapana Kavira, hapana baba yake mudogo. Asikie ile ku kinywa yangu, na kama ni kunipiga, anipige mimi. Njo maana ninataka kufika wa kwanza."

Aliniomba nimalize maharagi, isinyeshewe. Alipanda njia ya juu na kitunga yake, hakugeuka. Niliinama, nikaanza kungoa. Mvua ilinikuta ningali mule.